Kinyungu Kisicho na Mlango

Nakumbuka asubuhi hiyo ilianza saa moja kasorobo, kwa sababu baba alikuwa amefungua redio akingoja taarifa ya habari, na kwetu hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa taarifa ikisomwa. Siku hiyo aliizima mwenyewe kabla haijaanza. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na jembe begani, miguu ina tope hadi kwenye vifundo, nasi tulikuwa katikati ya mwezi wa tisa.

Mwanangu, huku kwetu bondeni, njia ya kwenda Kamsamba, mtu mwenye tope miguuni mwezi wa tisa haulizwi anatoka wapi. Wakati huo ardhi yote imepasuka na upepo unabeba vumbi mpaka ndani ya masufuria. Tope lilikuwa mahali pamoja tu, chini ya mfereji, pale mteremko wa kilima unapokutana na tambarare. Mfereji wetu ulikuwa wa udongo mtupu. Maji yalipenya ukingoni polepole, usiku na mchana, na chini yake wanawake wachache walikuwa wamelima vinyungu, yaani bustani za kiangazi zisizongoja mvua wala kubebewa ndoo. Kinyungu cha shangazi Namutowe ndicho kilikuwa cha kwanza ukitoka banioni, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mferejini, na ndicho kikubwa kuliko vyote. Alikuwa na magimbi, miwa, figiri na maboga yaliyotambaa hadi njiani. Alikuwa mjane, na kinyungu kile ndicho kilichomlisha, kilichomvisha na kilichomsomeshea binti yake.

"Karibu dada, keti," baba alisema.

"Nikiketi mtanipa uji, na nikinywa uji nitalainika. Niache nisimame."

Baba alielewa. Katika ukoo wetu, dada wa mtu akikataa kiti cha kaka yake, hajaja kutembea, amekuja na neno.

"Nasikia mnataka kusakafia mfereji kwa saruji," shangazi alisema. "Kuanzia banioni."

"Ni kweli."

"Na pale juu yangu?"

Baba alishika kitufe cha redio bila kukizungusha. "Wataalamu wamesema kuanzia banioni, dada."

"Sikuuliza habari za wataalamu. Namuuliza niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani."

Baba naye alikuwa na lake, na si dogo. Majaruba yetu ya mpunga yalikuwa mkiani, mahali mfereji unapoishia. Maji yalipotufikia yalikuwa yamechoka, yamebaki ya kulowesha nyayo. Mwaka mmoja tulivuna, mwaka wa pili tulivuna makapi. Tulikuwa watoto tisa. Kila zamu yetu ya maji ilipokaribia, baba alishinda kutwa akitembea kando ya mfereji na panga, akichungulia kama kuna mtu wa juu ametoboa ukingo. Watu wazima, majirani, waumini wa kanisa moja, walikuwa wakikabana mashati kwa ajili ya maji yanayojaza ndoo mbili.

"Mimi sikatai mpunga wako unywe," shangazi alisema. "Pigeni saruji kule kwenye mchanga, pigeni mpaka mkiani. Ila kipande cha juu yangu kiacheni kama babu zetu walivyokiacha. Ukaseme hilo mkutanoni."

"Nitaangalia, dada."

Shangazi alimtazama kidogo, kisha akageuka. Mama akatoka jikoni na kikombe mkononi. "Wifi! Uji huu!"

"Mpe huyo anayepima mto kwa gunzi," shangazi alijibu bila kugeuka. "Huyo ndiye mwenye kazi nzito nyumba hii."

Aliyekuwa akipima mto kwa gunzi ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na elimu ya darasa la saba, na mengine nilijifunza mwenyewe kwenye vitabu chakavu nilivyonunua Tunduma, vile vinavyopangwa chini karibu na wabadilisha fedha. Kimoja kilieleza namna ya kupima maji yanayotembea. Unachomeka vijiti viwili kandokando ya mfereji, unadondosha kitu kinachoelea, unaona kinachukua muda gani kutoka kijiti hiki hadi kile, kisha unapima upana na kina. Kitu changu kilikuwa gunzi la mahindi. Watu walinicheka mwanzoni. Baadaye kamati ya mfereji ikaniomba nilete hesabu zangu mkutanoni.

Kabla sijakupeleka mkutanoni, mwanangu, lazima ujue habari ya mipini, maana jambo lenyewe limelalia hapo.

Kila mwaka kabla ya mvua tulisafisha mfereji wote, kutoka banioni hadi mkiani. Kila kaya yenye mlango wa maji, yaani pale inapofungulia maji kuingia shambani, ilipewa kipande chake cha kusafisha, na kipande kilipimwa kwa mpini wa jembe wa kaya hiyo. Siku ile ilikuwa sikukuu. Watu walishuka mferejini asubuhi na mapema, magoti ndani ya matope, wakirushiana majani na matusi ya utani, huku akina mama wakileta togwa kwenye madumu. Wanamwanga waliimba upande mmoja na Wanyiha walijibu upande wa pili, kila mmoja kwa lugha yake, na wimbo haukuharibika. Mpaka leo nikisikia koleo likikwangua udongo mbichi, nasimama njiani kusikiliza.

Sasa, mpini ule ule uliopimia kipande ndio uliokupa kauli. Mkutano wa maji ukiitwa, unakwenda na mpini wako umeutoa kwenye jembe. Ukitaka kusema unausimamisha. Asiyekuwa na mpini hana kipande, na asiyekuwa na kipande hana neno.

Shangazi hakuwa na mpini. Mumewe alipofariki, mgawa maji wetu, Mzee Sichalwe, alitaka kumwandikia kipande kama mwanachama mwingine. Baba ndiye aliyesimama akamtetea. "Mwacheni mjane apumzike," alisema. "Kinyungu chake hakina mlango. Yeye hafungulii maji ya mtu, anaokota yanayodondoka. Kwa nini avunje mgongo?" Watu wote walikubali. Shangazi mwenyewe alishukuru, akaleta miwa nyumbani. Wema hauozi, wakasema. Na kweli ulikuwa wema, mwanangu. Sijawahi kuuona kwa sura nyingine.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule. Wenye mipini walikaa mbele kwenye madawati. Nyuma, chini ya dirisha la darasa, walikaa wanawake wa vinyungu, shangazi akiwa katikati yao. Niliitwa nikasoma. Nilisema kwamba katika kila madebe kumi yanayoingia banioni, manne yanapotea kabla ya kufika mkiani. Watu wa mkiani walipiga makofi. Mmoja alisema, "Manne! Hayo si ndiyo mahari ya binti yangu?" Kicheko kikapita.

Mzee Sichalwe alisimamisha mpini wake. Ulikuwa mweusi kwa jasho la miaka mingi. "Kijana," alisema, "hayo manne yanakwenda wapi?"

"Yanaingia ardhini, mzee."

"Ardhini kwa nani?"

Watu walidhani ananitania, wakacheka tena. Mzee hakucheka. Wakati huo huo shangazi alisimama kule nyuma.

"Mimi naweza kumjibu," alisema.

"Mpini!" sauti ya mwanamume ikatoka mbele. "Mama, mpini wako uko wapi?"

"Ada yenyewe analipa?" mwingine akadakia. "Huyo anakunywa jasho la mfereji tu!"

Mwenyekiti akagonga dawati. Alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Mama Namutowe, utaratibu unaujua. Kama kuna mwenye mpini wa kukusemea, na asimame."

Shangazi alimtazama baba. Sote tulimtazama. Mpini wa baba ulikuwa umelala juu ya magoti yake. Aliuzungusha kidogo, akaukagua kama anayetafuta ufa, na hakuusimamisha. Shangazi alikaa chini taratibu, akaweka vizuri kitenge chake magotini. Kura zikapigwa. Saruji ikapita, kuanzia banioni hadi mkiani, bila kuruka mahali.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nimejifunza kwamba mtu anaweza kuwapo, ukamwona kwa macho, na lake bado lisiwepo.

Tulipokuwa tunarudi, Mzee Sichalwe alinisubiri njiani. Nilidhani atanisifu. "Hesabu yako ni nzuri," alisema, "lakini neno lako ni baya. Umesema maji yanapotea. Kitu hakipotei mpaka umeuliza nyumba ya mwisho nayo ikasema haijakiona. Wewe ulipima yanapotoka. Hukuyafuata. Kesho yafuate." Akaenda zake. Katika maisha yangu nimekaripiwa mara nyingi na watu wenye sauti kubwa, na karipio nililolishika ni lile lililosemwa kwa sauti ya chini.

Siku iliyofuata niliyafuata. Shangazi alinipokea kana kwamba jana yake hakukuwa na mkutano. Alinishika kiganja akakibana kwenye ukingo wa chini wa mfereji. Udongo ulikuwa baridi, na kati ya vidole vyangu maji yalitoka kama jasho, tone kwa tone, kwenye ukingo wote. Chini ya majani makubwa ya magimbi kulikuwa na kivuli cha kijani na harufu ya mahali ambapo jua halijawahi kufika chini. Vyura walinyamaza tulipoingia, wakaanza tena tulipotulia. Haba na haba hujaza kibaba, nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini siku hiyo ndiyo niliiona kwa macho.

Alifukua gimbi, akalichoma kwenye makaa, akanimenyea. "Kula," alisema. "Hili halikumwagiliwa. Limenyonya."

"Shangazi, umemkasirikia baba?"

"Baba yako ana midomo tisa. Midomo tisa ikifunguka, mdomo mmoja unafungwa." Kisha akaniambia nile haraka, gimbi lisipoe.

Nilirudi nikamweleza baba na nikamweleza mwenyekiti. Lakini mimi pia sikuwa na mpini, nilikuwa kijana wa kuitwa kusoma, na malori ya saruji yalikuwa yameshatoka Tunduma.

Mgala muue na haki mpe. Sitakuficha faida, mwanangu, kwa sababu anayekueleza hasara tupu anakudanganya sawa na anayekueleza faida tupu. Kazi ilikuwa nzuri. Mafundi walichonga mfereji, wakapanga mawe, wakapiga plasta laini kama ukuta wa nyumba. Siku maji yalipofunguliwa, yalifika kwenye majaruba yetu yakiwa bado na povu. Baba alivua viatu akasimama ndani yake, suruali imelowa, akicheka peke yake. Tulianza kuvuna magunia kumi zaidi ya yale tuliyozoea. Wadogo zangu walikwenda sekondari, nyumba ikapata bati. Mapanga yalirudi kukata kuni. Watu waliokabana mashati walianza kualikana harusi. Hayo yote niliyaona.

Kinyungu hakikufa siku moja. Msimu wa kwanza kilikuwa kimesinyaa tu, majani ya magimbi yamekuwa madogo. Shangazi alisema ni jua. Msimu wa pili vyura hawakurudi. Kisima kidogo cha pembeni, ambacho wote tulichota tukitoka shule, kilibaki shimo lenye nyuki. Figiri ilitoa maua ikiwa na urefu wa kidole.

Baba alikwenda kwenye kamati mara tatu. Safari hii alisimamisha mpini wake na akasema mpaka sauti ikakatika. Kamati ikamsikiliza. Walikata tundu kwenye saruji, wakamtengenezea shangazi mlango wa maji, na wakampa zamu kama mwanachama mwingine, mara moja kila siku ya nane. Walidhani wamemaliza kazi. Na ukiangalia kwenye karatasi, walikuwa wamempa maji mengi kuliko yale aliyokuwa akipata zamani.

Lakini kinyungu si jaruba. Magimbi yalikuwa yamezoea kunyonya kidogo kidogo bila kupumzika, kama mtoto mgongoni. Sasa yalizamishwa siku moja, mizizi ikaanza kuoza, kisha yakaachwa siku saba juani, udongo ukapasuka na kuikata. Maji ya kasi yalibeba rutuba yote ya juu hadi barabarani. Shangazi alijaribu. Alijenga matuta, akatandaza nyasi, akabeba ndoo kichwani kutoka mferejini akiwa na umri wa kuwa na wajukuu wakubwa. Nilimsaidia. Siku moja katikati ya kazi aliweka ndoo chini, akasema, "Mwanangu, mimi si mlimaji wa ndoo," na hatukubeba tena.

Aliondoka na lori la mpunga lililokuwa linakwenda Tunduma, kuelekea kwa binti yake aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mkononi alikuwa na kifurushi cha mbegu za magimbi alizozifunga kwenye kitambaa kibichi. Baba alimpandisha kwenye kiti cha mbele, karibu na dereva, akafunga mlango, akaufungua tena, akaufunga. Dereva akauliza kama kuna tatizo. Baba akasema mlango haukubana.

Kila mavuno baba na mimi tulivuka mpaka na gunia la mchele. Nyumba ya binti yake ilikuwa ya vyumba vya kupanga, na ua wote ulikuwa umesakafiwa. Shangazi alikuwa ameziotesha zile mbegu kwenye beseni lililopasuka, akaliweka pale maji ya bafuni yanapotokea. Lilitoa majani mawili matatu kila mwaka. Gimbi halikutokea.

Mara moja tulimsindikiza sokoni. Muuzaji alimsalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mayo," naye akaitikia vizuri, kwa kuwa lugha zote za mpakani alikuwa amezifahamu. Aliokota gimbi, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalirudisha. Akaokota la pili.

"Hili limemwagiliwa," alituambia kwa sauti ya chini.

"Mama, gimbi ni gimbi!" muuzaji alisema, maana Kiswahili alikielewa. "Unataka lenye kadi ya kliniki?"

Shangazi alicheka hadi akashika meza. Akalinunua. Nilimwona akihesabu kwacha kwa ajili ya kitu ambacho hakuwahi kukinunua maisha yake yote, na nikatazama pembeni.

Jioni hiyo baba alimwambia, "Rudi nyumbani, dada. Nimekutengea jaruba zima karibu na langu. Lina maji ya uhakika."

"Lina zamu," alijibu. "Mimi sijui kuishi kwa zamu."

Baba akainamisha kichwa. "Dada, siku ile mkutanoni..."

"Usimalizie. Siku ile ulikuwa na watoto tisa na mpini mmoja." Akamsogezea sahani. "Kula, mchele wako ni mzuri."

Aliishi Nakonde miaka kumi na mmoja, na ndiko alikozikwa. Baba naye alifariki baadaye. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa na desturi ya kwenda kuketi pale palipokuwa na kinyungu, kwenye majani makavu, mgongo ameuegemeza kwenye saruji. Hakuwa akifanya lolote. Nikimwuliza alikuwa wapi anasema alikuwa anapunga upepo. Pale hapana upepo, mwanangu, kilima kimeuziba.

Sasa mimi ndiye ninayeitwa mzee, ingawa mvi bado zinahesabika. Siku ya kusafisha mfereji haipo tena. Saruji inafagiliwa na vibarua wawili kwa asubuhi moja. Ni nafuu kubwa, na ninaijua gharama iliyookolewa, lakini wapo majirani ambao sijawahi kuwaona magoti yao yakiwa na matope, na sijui wanaimba sauti ya ngapi. Nawe, kijana uliyechaguliwa katibu wa mfereji wa pili, umenijia na mchoro unaotaka saruji kutoka banioni hadi mkiani. Umeniomba ushauri na umeniomba hesabu. Nitakupa vyote.

Kwanza, usiogope saruji. Mahali mfereji unapokatiza kwenye mchanga, hapo piga saruji na usisite, maana maji ya pale yanazama mahali ambapo hakuna mzizi utakaoyafikia. Lakini usipime mfereji mzima kwa mkupuo mmoja kama nilivyofanya na gunzi langu. Pima kipande kwa kipande. Ziba kipande huku na huku, kijaze maji, simamisha kijiti, na asubuhi uone yameshuka kiasi gani. Nilikuja kujifunza njia hii nikiwa mtu mzima, nikaijaribu kwenye mfereji wenu, ambao udongo wake wa juu ni ndugu wa udongo wetu wa zamani. Kipande kilicho juu ya vinyungu kinavuja kidogo sana, kwa sababu ni mfinyanzi. Mchanga wa katikati ndio unaokunywa karibu yote. Sehemu za kati zisizo mchanga wala vinyungu, shindilieni udongo wa kichuguu, na muwaombe wafugaji wapitishe ng'ombe humo waukanyage kabla maji hayajafunguliwa. Ni wale wale mnaowafukuza mferejini kila siku. Mwaliko mmoja utawapunguzia ugomvi wa miaka.

Pili, yafuate maji unayoyaita yamepotea mpaka uone yanaishia kwa nani. Ukikuta mtu huko, mpe mpini. Mtoze ada hata ndogo, mpe kipande hata cha hatua tatu, akichoka na achoke pamoja na wengine. Usimsamehe kazi ukadhani umemheshimu. Mkono mtupu haulambwi, na mkutanoni mkono mtupu hauonekani kabisa. Mtu aliyewekwa nje ya mzigo amewekwa pia nje ya neno, na siku atakapolihitaji neno hilo, ndugu yake wa damu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kunyamaza.

Tatu, ukiwa wewe ndiye mwenye mpini na aliye nyuma anakutazama, usimamishe. Kura unaweza kushindwa. Lakini usirudi nyumbani na mpini ambao haukugusa ardhi.

Mungu akupe macho ya kuona maji yanapoingia na yanapotokea. Akujalie wazee wa kukukaripia kwa sauti ya chini. Mfereji wako ujae bila kumkausha jirani, na dada zako wakifika nyumbani kwako asubuhi, wakubali kuketi.

Na hesabu ndiyo hii, kwa bei za leo. Kama kipande cha juu ya kinyungu kingeachwa bila saruji, baba angepungukiwa na gunia moja la mpunga kwa mwaka, sawa na shilingi laki moja. Kinyungu kilikuwa kinampa shangazi shilingi laki nane na elfu sitini kwa mwaka, nikijumlisha magimbi, miwa na mboga, na bila kuhesabu alivyogawa bure. Ondoa ile laki moja, kisha zidisha kwa miaka kumi na mmoja aliyokaa ng'ambo. Tulichopoteza ni shilingi milioni nane, laki tatu na elfu sitini.